Cheti Kisichokuwa Mezani

Sura ya Kumi na Moja

Kiplangat alijua mapema kwamba Jumapili hiyo haingeisha vizuri, kwa sababu Mzee Njuguna alimsalimia kwa mkono mmoja.

Siku nyingine zote mzee huyo alimpokea langoni kwa mikono miwili, akimwita "mtu wa maombi," kisha akamzungusha shambani kumwonyesha kabeji ambazo alikuwa amemwonyesha juma lililopita. Leo alinyoosha mkono wa kulia tu, akasema, "Umefika, kijana," akageuka akaingia ndani.

Kijana. Kiplangat alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Katika boma hilo la Bahati hakuwa ameitwa kijana tangu siku mchumba wake Wamuyu, binti wa mzee, alipomleta mara ya kwanza, mwaka uliopita, na Mama Wangare akajifungia jikoni akidai ugali unaungua. Hapakuwa na ugali. Mama hakutaka kumwona fundi wa malori, tena wa mbali, ambaye watu wake hawajulikani na lugha yake haisikiki, akiketi kwenye kiti cha wageni kama mkwe. Binti yake alikuwa muuguzi. Angeweza kupata daktari, au hata mchungaji.

Jambo moja tu lilimfungulia mlango. Mama Wangare, kwa kumshuku, alimuuliza siku moja, "Na hizo jioni za Jumanne na Alhamisi ambazo Wamuyu anasema simu yako huwa imezimwa, huwa uko kwa nani?"

Kiplangat aliona haya. Bila kufikiri akajibu, "Huwa niko ushirika wa maombi, Mama. Kule Gilgil."

Mama alimtazama muda mrefu. Kisha akaingia jikoni, akamletea chai, na humo ndani ya kikombe akaweka sukari kwa mkono wake mwenyewe.

Tangu siku hiyo alikuwa mtoto wa nyumba. Na tangu siku hiyo hakulala usingizi mzuri.

Wamuyu alikuwa sebuleni akipanga karatasi. Alipomwona aliinua macho, na yale macho yakafanya kile yalichokuwa yakifanya siku zote: yalimtafuta usoni, yakampata, yakatulia. Ni macho hayo yaliyomponza. Alikutana nayo mara ya kwanza kwenye zahanati, siku springi ya lori ilipomchana kiganja karakanani kule Kariandusi, na huyu dada wa sare nyeupe akamshona huku akimuuliza maswali ili asisikie sindano. Unatoka wapi? Unafanya kazi gani? Ulimaliza shule mwaka gani? Angejibu lile la tatu kwa ukweli, labda angeshonwa vilevile, apewe dawa, aende zake. Lakini macho yalikuwa yamemtazama kwa namna hiyo, naye akataja mwaka ambao wenzake walimaliza Form Four, kana kwamba naye alikuwa kati yao.

"Umechelewa," Wamuyu alisema, akitabasamu. "Njoo uone. Leo tunaandika kwa kalamu. Ile ya penseli imeisha."

Mezani palikuwa na bahasha kubwa ya kaki, fomu ya kurasa sita kutoka kwa wakala wa ajira mjini Nakuru, na daftari lenye jalada la buluu. Fomu ilitakiwa kufika ofisini Jumatatu asubuhi. Wamuyu alikuwa ameshakubaliwa kazi ya uuguzi Kanada. Kilichobaki ni yeye kuchagua mji, na kueleza ni nani atakayemfuata baada ya harusi yao ya Agosti, anafanya kazi gani, na amesoma mpaka wapi.

Daftari la buluu Kiplangat alilijua vizuri. Kwa miezi miwili Wamuyu alikuwa amechora mistari humo kwa rula: jina la mji, kodi ya nyumba, bei ya unga na maziwa, baridi, basi za kwenda kazini, hospitali zinazotafuta watu. Na mwisho wa kila ukurasa palikuwa na safu moja iliyoandikwa herufi K. Hiyo ilikuwa yake. Katika kila mji, kabla ya kutafuta kazi yake mwenyewe, Wamuyu alikuwa ametafuta ya Kiplangat.

Walikula kwanza. Mama Wangare alipakua mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, pamoja na kuku, na Mzee Njuguna akala kimya, jambo lisilo la kawaida, maana mzee huyo aliweza kuzungumza habari za mbolea tangu supu mpaka chai.

"Toronto tuliifuta kabisa," Wamuyu alisema. "Rafiki yangu Lynn analala chumba kimoja na wasichana wawili, na bado kodi inakula nusu ya mshahara. Ananiambia, usije huku kwa sababu ya jina. Jina halipikwi."

"Na kwa wifi yangu Tabby je?" Mama Wangare aliuliza. "Halifax. Chumba kipo, halipishi kitu. Hospitali iko karibu, unatembea kwa mguu. Mpaka koti la baridi ameshakununulia, amenitumia picha. La manjano."

"Mama, hii tuliongea."

"Tuliongea, lakini mimi sikuelewa. Mtu anaacha nyumba ya shangazi yake, anaenda kukaa peke yake kwa barafu, huko... kunaitwa nini tena?"

"Saskatoon."

"Sasakatuni. Hata kukuombea ni shida. Mungu atadhani naitisha dawa ya ng'ombe."

Wamuyu alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Kiplangat naye alicheka, kidogo. Mzee Njuguna hakucheka.

"Mama, sikiza," Wamuyu alisema, sauti yake ikawa laini. "Nyumba huko ni za bei nafuu, na wauguzi wanatafutwa. Hiyo ni moja. Lakini kubwa ni karakana. Kuna migodi, na malori yake ukiyaona ni kama ghorofa. Nimewaandikia barua, wakanijibu. Fundi wa dizeli akiwa na Form Four na cheti cha ufundi, chuo chao kinampokea, akimaliza anapewa kazi. Sasa Halifax atafanya nini? Akae kwa Auntie Tabby akiosha vyombo? Siwezi kumpeleka mume wangu ng'ambo akawe mgeni wa shangazi yangu."

"Kwa hivyo unaenda kwa sababu yake," Mama alisema.

"Ningekuwa peke yangu ningeenda kwa Auntie kesho. Lakini siko peke yangu." Akamtazama Kiplangat, macho yakamtafuta, yakampata, yakatulia.

Kiplangat alitazama sahani. Alisukuma kipande cha kuku ukingoni. Moyoni alisema, Bwana, nipe mlango nitoke. Halafu akaona haya hata kwa ombi hilo, maana mlango alikuwa nao tangu zamani. Ilikuwa kuupitia tu.

Vyombo vilipotolewa, Mama Wangare aliosha mikono, akafungua bahasha. Ilikuwa desturi ya nyumba hiyo. Hakuna karatasi ya maana iliyotoka humo bila kuwekwa mezani na kuombewa: matokeo ya mitihani, hati ya shamba, hata barua ya daktari wa mifugo. Mama aliitaja kila moja kwa jina kama mwalimu anayeita rejista, na wote wakaweka mikono juu yake.

"Pasipoti ya Wamuyu, hii hapa. Cheti cha uuguzi. Leseni. Barua ya kazi. Pasipoti ya Kiplangat. Cheti cha ufundi cha Kiplangat, gredi ya pili, asifiwe Bwana. Cheti cha Form Four cha Kiplangat..." Mkono wake ulipapasa ndani ya bahasha. "Hakiko?"

"Bado kiko shuleni, Mama," Wamuyu alisema. "Watu wengi wa shule za mashambani hawajawahi kwenda kuchukua vyao. Lakini si ulienda Ijumaa, Kip? Ulisema utaenda."

"Sikupata nafasi," Kiplangat alisema. "Lori moja lilivunjika ekseli."

Hakuna lori lililovunjika ekseli. Alishangaa jinsi uongo ulivyotoka mdomoni laini, umeiva, kama kitu kilichokuwa kikimngojea hapo ulimini.

Mzee Njuguna alikohoa. "Tuombe," akasema.

Waliinama. Mzee aliomba kwa sauti ya chini, si ile ya kanisani. Alimshukuru Mungu kwa chakula, kwa mtoto, kwa kazi iliyopatikana. Akaomba juu ya pasipoti na leseni. Kisha akasema, "Na kile ambacho hakiko mezani, Bwana, wewe unajua kiko wapi. Amina."

Kiplangat alifumbua macho kabla ya wengine. Macho yake yaliangukia viatu vya mzee vya kutokea, vimewekwa kando ya mlango. Udongo wa Bahati ni mwekundu. Viatu hivyo vilikuwa vyeupe kwa vumbi jepesi, kama la njia za mashamba ya mkonge huko Rongai, kwao Kiplangat. Aliviona, hakuvielewa.

Wamuyu alivuta fomu, akafungua kalamu. "Mji," alisoma. Akainama, nywele zikamwangukia shavuni, akaandika herufi moja kubwa: S.

"Usiandike," Kiplangat alisema.

"Nini?"

"Usiandike huo mji, Wamuyu. Usiandike kwa ajili yangu." Alisikia sauti yake kama ya mtu aliye chumba kingine. "Sina hicho cheti. Hakiko shuleni. Sijawahi kuwa nacho. Sikufika Form Four."

Kalamu ilibaki juu ya karatasi.

"Ulifika wapi?" Mama Wangare aliuliza.

"Class Eight, Mama. Form One nilikaa muhula mmoja."

"Karo?" Wamuyu aliuliza upesi, na katika upesi huo Kiplangat alisikia kwamba alikuwa anamtafutia udhuru, anamtandikia mkeka aangukie. "Mlikosa karo? Si useme tu."

Angeweza kusema ndiyo. Wangemwonea huruma, na huruma ingekuwa tamu. Lakini alikuwa amechoka.

"Hapana. Karo ilikuwepo. Baba aliuza ndume wawili. Nilitoroka mwenyewe. Kulikuwa na lori la mawe lilikuwa linapita hapo shuleni, na dereva alikuwa akinibeba, ananionyesha injini. Siku moja nikapanda na sikurudi. Nilidhani mimi ni mjanja kuliko walimu."

Sasa Mzee Njuguna aliinua kichwa. "Alhamisi nilikuwa huko," alisema.

"Wapi, Baba?" Wamuyu aliuliza.

"Shuleni kwake. Nilitaka kuwashangaza. Nikasema, huyu mtoto hana baba tena, na kazi haimpi nafasi, acha mimi nikamletee cheti chake, tukiweke mezani Jumapili." Alizungumza akiitazama bahasha. "Karani akatafuta, akasema hakuna. Nikamgombeza. Nikamwambia, nyinyi mnapoteza vyeti vya watoto wa watu, mzembe wewe, hata haya huna. Nilisimama pale nikampigia kelele mama wa watu. Akaenda akaleta kitabu cha zamani, akaweka kidole. Kiplangat, Form One, muhula mmoja, aliacha bila taarifa." Mzee aliigeuza bahasha. "Nikaomba msamaha mbele ya walimu wawili. Mimi, mzee wa kanisa, na kofia mkononi."

Kiplangat alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amefikiri mara nyingi siku atakayoaibika yeye. Hakuwa amefikiri kwamba aibu yake ingeweza kumpanda mtu mwingine, ikasafiri naye mpaka Rongai ikiwa imevaa viatu vya kutokea.

"Baba, mbona hukuniambia?" Wamuyu aliuliza.

"Nilitaka kuona kama atasema mwenyewe."

"Na kama hangesema?"

"Ningesema mimi. Baada ya chai."

"Nisamehe, Baba," Kiplangat alisema. "Nilikuwa natafuta njia ya kurekebisha kabla hamjajua. Nimerudi shule. Kuna darasa la watu wazima Gilgil, kwa Mwalimu Namalwa. Ni mwaka na nusu sasa. Novemba tunafanya mtihani wa Form Four. Jumanne na Alhamisi, jioni, nikitoka kazi naingia..."

Alikatiza hapo. Alikuwa amesikia, amechelewa, alichokisema.

Wamuyu alikuwa wa kwanza. "Jumanne na Alhamisi uko ushirika."

Nje kuku alikuwa akiparura mabati.

"Hakuna ushirika?" Mama Wangare aliuliza polepole.

"Hakuna, Mama."

"Na mguu wangu?"

Swali hilo ndilo lililomvunja. Kila Jumapili Mama alimpa kikaratasi chenye maombi ya kupeleka kwa wenzake: mguu wangu wa kushoto, ng'ombe hashiki mimba, mvua, moyo wa Wamuyu usibadilike ng'ambo. Alikuwa akivipokea kwa mikono miwili.

"Mguu wangu nilikuandikia wiki nane," Mama alisema. "Nikawa nasema, kule Gilgil kuna watu hata hawanijui, na wananiombea. Nikipanda ngazi za kanisa nawafikiria. Walikuwa akina nani, Kiplangat? Hesabu?"

"Karatasi zako ninazo zote, Mama." Aliinuka, akachukua begi lake kando ya kiti, akatoa daftari la hesabu lililokunjika pembe. Kati ya kurasa, hapa pembetatu, pale milinganyo, vikaratasi vilikuwa vimepangwa, kila kimoja na wiki yake. "Maombi nilikuwa nayasema njiani. Nikitoka darasani, kwenda nyumbani. Ni nusu saa kwa mguu. Sikuwa na ushirika, nilikuwa mimi peke yangu, na nilikuwa naona haya hata kuanza, kwa sababu nilikuwa nimemsingizia Mungu. Lakini niliyasema. Sikuruka hata moja."

Mama Wangare alivitazama vikaratasi kwa muda. Hakuvigusa. "Mguu ulipona," alisema mwishowe, kama mtu anayemlalamikia Mungu mwenyewe kwa kumpokea mwombaji wa namna hiyo. Akaenda jikoni, akafunga mlango.

Wamuyu alisimama. "Kip, twende nje."

Walisimama nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji. Kutoka hapo, mtu aliweza kuona bonde lote likishuka mpaka mjini, na ziwa likimetameta mbali. Siku nyingine wangesimama hapo mabega yakigusana. Leo Wamuyu aliacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Sema kitu," Kiplangat alisema.

"Nisemeje? Wewe ndiye msemaji. Mwaka mzima unasema." Alijifunga sweta vizuri ingawa jua lilikuwa kali. "Unajua nilimwambia nini Auntie Tabby, akiniomba niende kwake? Alilia kwa simu. Anakaa peke yake huko miaka kumi na tatu. Nikamwambia, Auntie, mume wangu ana masomo yake, nisimzike. Masomo yake! Nilimkataa shangazi yangu kwa cheti ambacho hakipo."

"Najua."

"Hujui. Kama fomu ingeenda, tungefika huko mwezi wa kwanza, mimi na wewe na baridi, hatuna ndugu. Chuo kinaitisha cheti. Unaniambia nini hapo? Lori limevunjika ekseli?"

Kiplangat aligeuza uso, akatazama tangi.

"Ungeniambia siku ile kwa zahanati," Wamuyu alisema. "Class Eight. Kwani ningeacha kukushona?"

"Nilidhani utaacha kunitazama."

Wamuyu alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa machozi, naye alikasirika kwa sababu hiyo pia. "Hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Ulinifanya mtu wa kupima watu kwa vyeti, na hukuniuliza kama ndivyo nilivyo. Nilikuwa nikiona mikono yako nasema, huyu anafungua injini akiwa amefumba macho. Nilikuwa naringa na hiyo. Si Form Four."

"Wamuyu."

"Bado. Sijamaliza. Na ile ya maombi sijui nitaifanyia nini. Kuna usiku nilikesha zamu ya wodi, mgonjwa wangu amekufa, nikasema, kesho ni Alhamisi, Kip atamtaja pale kwa wenzake. Nikatulia. Sasa ule utulivu niupeleke wapi?"

"Nilimtaja," Kiplangat alisema kwa sauti iliyopotea. "Mzee wa kutoka Subukia. Uliniambia alikuwa akiimba."

Wamuyu alimgeukia. Kwa kitambo macho yake yalimtafuta usoni kama kawaida yake. Lakini safari hii hayakutulia. Yalimtazama kama mtu anayepimwa upya, mgeni aliyekuja na kidonda ambacho hajakitaja.

"Ni nini ulitaka kwa hilo darasa?" aliuliza. "Kwa ukweli."

"Nilitaka uongo uwe kweli kabla hujaugundua. Nilifikiri Novemba nikifaulu, nitakuwa tu nimechelewesha ukweli, si kudanganya." Alijipangusa uso kwa kiganja chenye kovu. "Halafu nikaanza kulipenda. Namalwa anatupigia kelele, mimi na mlinzi wa benki na mama mmoja anauza viazi. Juzi nilipata hesabu ya pembetatu peke yangu. Nilitaka kukupigia simu. Nilikuwa na furaha, na hakuna mtu ningemwambia."

Upepo ulipita katika mahindi. Wamuyu alivunja jani moja, akalipasua katikati, akapasua tena.

"Naandika Halifax," alisema.

"Andika."

"Sikuombi ruhusa. Naenda kwa shangazi yangu, nifanye kazi, nijue mji. Naenda peke yangu. Agosti hakuna harusi. Utamwambia Baba wewe, si mimi. Wewe utakaa hapa ufanye mtihani wako."

"Sawa."

"Halafu kuna hiyo sehemu yako kwa fomu. Nikiiacha wazi, unajua maana yake: hakuna atakayenifuata."

"Najua."

"Na nikiijaza, naijaza ukweli. Wasome kule Class Eight. Auntie aione. Karani wa ofisi aione, Jumatatu, mbele yangu. Utaweza?"

Kiplangat alifikiri juu ya maneno yale mawili, Class Eight, yakiwa kwa wino, yakisafiri mbele yake mpaka nchi asiyoijua. Uso ulimwaka mpaka masikioni. "Sijui kama nitaweza," alisema. "Lakini ijaze. Ukitaka."

Wamuyu hakusema kama anataka. Aliangusha vipande vya jani, akatangulia ndani.

Mama Wangare alikuwa amerudi sebuleni na birika la chai. Alimimina vikombe vinne, cha Kiplangat mwisho, na bakuli la sukari akaliacha mbali, kila mtu ajiwekee. Mzee Njuguna alikuwa amekaa vilevile.

"Baba," Kiplangat alisema, bado amesimama, "harusi ya Agosti haipo. Ni kwa sababu yangu. Nitakuja mwenyewe niwaambie wazee wa kanisa, usiende tena kusimama mahali kwa niaba yangu."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Alionekana amezeeka tangu asubuhi. "Keti unywe chai," alisema.

Wamuyu alivuta fomu. Aliikata ile herufi S kwa mstari mmoja, akaandika pembeni, Halifax, akatia sahihi ndogo kuonyesha kwamba ni yeye aliyebadilisha. Kisha akafungua ukurasa wa nne. Kalamu ilisimama juu ya kisanduku. Kiplangat alihesabu pumzi zake mwenyewe. Alifika kumi na moja.

"Elimu ya mwenzi," Wamuyu alisoma, bila kumtazama. "Sema."

"Darasa la nane."

"Kwa sauti. Mama hajasikia."

"Darasa la nane," Kiplangat alisema kwa sauti, mbele yao wote.

Akaandika. Herufi zake zilikuwa nadhifu kama siku zote.

"Cheti chake kiko?" Mama Wangare aliuliza.

Kilikuwepo. Mwalimu Namalwa alikuwa amekiitisha kwa ajili ya kusajili mtihani, na tangu hapo Kiplangat alikuwa akitembea nacho ndani ya Biblia, kimekunjwa mara nne, maana hakutaka mtu yeyote akione. Alikitoa. Alikikunjua, akakinyoosha kwa ukingo wa mkono, akakiweka mezani karibu na leseni ya Wamuyu. Kilikuwa kimechakaa mikunjoni, na alama zake hazikuwa za kujivunia.

"Tulikuwa tumeshaomba," Mama alisema.

"Hatukuwa tumemaliza," Mzee Njuguna akajibu, akaweka kikombe chini.

Mama alivuta pumzi. Akaanza tena tangu mwanzo, polepole, kama mwalimu anayeita rejista baada ya mvua kuwachelewesha watoto. Pasipoti ya Wamuyu. Cheti cha uuguzi. Leseni. Barua ya kazi. Pasipoti ya Kiplangat. Cheti cha ufundi. Hapo alinyamaza, na Kiplangat, macho chini, hakutarajia zaidi.

"Cheti cha darasa la nane," Mama Wangare alisema. "Cha Kiplangat."

Mikono iliinuka kuelekea mezani. Kiplangat hakuthubutu kuinyoosha yake, aliiacha magotini. Hakuthubutu hata kufumba macho. Kwa hiyo aliona, mzee alipokuwa akianza kuomba, mkono wa Wamuyu ukiacha pasipoti yake, ukipita juu ya leseni na barua ya kazi. Haukuja kwake. Ulikwenda ukatua juu ya ile karatasi iliyochakaa, vidole vikiwa wazi, ukaibana mezani isijikunje tena.

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa.